Victoria kwa kikundi: angalieni mto kwanza, bei baadaye

Swali: Sisi ni kikundi cha akina mama 24 wa Tabata. Tumeweka akiba ya kusafiri na tumeamua kwenda kuona Maporomoko ya Victoria. Kuna kijana ametuletea kifurushi: siku tano kwa basi kutoka Dar, wiki ya pili ya Oktoba, kulala Livingstone na kuangalia maporomoko upande wa Zambia, kila kitu ndani, shilingi 850,000 kwa mtu. Anataka nusu mapema kwenye namba yake ya simu. Wenzangu wamefurahi sana, mimi nina wasiwasi ila sijui nimuulize nini. Tukubali? Halafu mama yangu mzazi, ana miaka 71 na magoti yanamsumbua, naye anataka kwenda. Ataweza? (Mwenyekiti, Tabata)

Jibu: Mama Mwenyekiti, shikamoo. Wasiwasi wako ni wa haki kabisa. Kwa jinsi kifurushi hicho kilivyopangwa, msikubali. Simwiti kijana tapeli, maana simjui, na huenda ana nia njema. Lakini mpango wake una makosa mawili yanayoonekana hata kabla ya kuzungumzia fedha: mwezi si wenyewe, na siku hazitoshi. Nitaanza na mwezi, kwa sababu ndio wengi wetu hapa Dar tunaousahau. Tunauliza bei, tunauliza hoteli, tunauliza chakula, ila hatuulizi mto una maji kiasi gani.

Zambezi huanzia kaskazini magharibi mwa Zambia, ukaingia Angola, kisha ukarudi Zambia. Mvua za huko hunyesha takriban Novemba hadi Aprili, lakini maji hayafiki kwenye maporomoko papo hapo. Njiani mto unapita kwenye tambarare kubwa za Barotse, magharibi mwa Zambia, ambako hufurika, hutanda, na kukaa wiki kadhaa kabla ya kuendelea na safari. Kwa hiyo Victoria hujaa kabisa kati ya Machi na Mei, mvua zikiwa zinaisha au zimekwisha, na hukauka zaidi Oktoba na Novemba, wakati mvua mpya zimekaribia au ndio kwanza zinaanza. Mtu akipanga safari kwa kalenda ya mvua za Dar atakosea.

Sasa ongeza na umbo la mwamba wenyewe. Ukuta ule una mita 1,708 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na mahali penye kina zaidi maji huanguka mita 108. Ila ukingo wake hauko sawa. Magharibi, kwa upande wa Zimbabwe, umeshuka. Mashariki, kwa upande wa Zambia, umeinuka. Mto ukipungua, maji yaliyobaki yanafuata palipo chini, yaani magharibi na katikati, na kipande cha mashariki kinaachwa mwamba mtupu. Isitoshe, Zambia ina kituo cha umeme hapo hapo kinachochota maji juu ya maporomoko. Mwaka 2019 ukame ulikuwa mkali mpaka mto ukashuka kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1995. Picha za ukuta mkavu zilizunguka dunia nzima, na watu wengi wakaamini maporomoko yamekufa. Hayakuwa yamekufa. Hata katika mwaka wa kawaida, Oktoba upande wa mashariki huwa na maji machache sana, au hauna kabisa.

Kwa hiyo kijana wenu anawapeleka mwezi wenye maji kidogo, tena anawasimamisha upande unaokauka. Mtasafiri siku kadhaa kwenda kuangalia jabali, na jua la Oktoba bonde la Zambezi halina huruma. Oktoba ina watu wake: vijana wanaojua kuogelea huvushwa kwa boti hadi Kisiwa cha Livingstone, wakaoga kwenye kidimbwi kilichoko ukingoni kabisa mwa maporomoko, jambo lisilowezekana mto ukijaa. Nyinyi hamkuweka akiba kwa ajili ya hilo.

Msije mkaruka upande wa pili pia mkasema, basi Aprili. Aprili mto unamwaga maji mengi mno, manyunyu yanapanda angani mamia ya mita na yanaonekana ukiwa kilomita nyingi kabla ya kufika. Unaisikia ngurumo kifuani. Lakini ukisimama mbele ya ukuta unaweza usione ukuta. Unaona weupe tu, umelowa chapachapa, na simu iko mfukoni kwa sababu huwezi kuitoa. Wapo wanaoipenda hali hiyo kuliko zote, na siwalaumu. Kwa kundi linalokwenda mara ya kwanza, na ambalo halina uhakika wa kurudi, ninachagua mwisho wa Juni hadi Julai. Maji bado ni mengi pande zote mbili, manyunyu yamepungua kiasi cha kuona maji yanavyoanguka kutoka juu hadi chini, na njia hazijawa mito. Juni shule zetu zimefungwa, na Julai mnaweza kuegemea sikukuu ya Sabasaba kwa wale walioajiriwa. Mkiweza kulenga siku za mwezi mpevu ni bora zaidi: usiku huo, maji yakiwa mengi, hifadhi hufunguliwa kwa wageni na upinde wa mvua unaonekana kwa mwanga wa mbalamwezi. Muulize mapema mwandaaji kama tarehe zenu zinaangukia hapo.

Onyo moja tu kuhusu Juni na Julai: baridi. Mtu wa Dar akisikia Zambia anafungasha vitenge na ndala. Usiku wa Livingstone miezi hiyo, na zaidi alfajiri, unahitaji sweta la maana, soksi na koti.

Tuje kwenye siku tano. Kutoka Dar hadi Livingstone kwa barabara ni karibu kilomita 2,400. Piga hesabu na mimi. Mnaondoka Mbezi alfajiri ya Jumatatu, mnapita Morogoro, Iringa, Mbeya, mnafika Tunduma usiku. Jumanne asubuhi mnavuka kwenda Nakonde. Tangu 2019 pana kituo cha pamoja cha mpakani, kwa hiyo taratibu za nchi zote mbili zinafanyika sehemu moja, ila kundi la watu 24 lenye basi lake haliwezi kutegemea kumaliza nusu saa, na foleni ya malori pale kila mtu anaijua. Kutoka Nakonde kwenda Lusaka kuna kilomita kama 1,000 nyingine. Mkiwa na bahati mnalala Lusaka Jumanne usiku wa manane. Mkiwa na akili mnalala njiani, Mpika au Serenje, kwa sababu sipendekezi kundi la akina mama kutembea usiku kwenye barabara ile ya malori. Jumatano mnaingia Lusaka, Alhamisi mnamaliza kilomita 480 za mwisho hadi Livingstone. Hiyo ni siku ya nne na hamjaona tone. Ijumaa, siku yenu ya tano, kwa mujibu wa kifurushi mnatakiwa muwe Tabata.

Labda madereva wawili wanaopokezana bila kulala wangewafikisha Jumatano. Bado hesabu haifungi, na mimi mpango unaotegemea dereva kutolala siupitishi kwa bei yoyote ile. Kwa basi kwenda na kurudi, wekeni siku kumi.

Treni ya TAZARA wengi huniuliza. Reli ile, kilomita 1,860 kutoka Dar, inaishia Kapiri Mposhi, siyo Livingstone wala hata Lusaka. Kwa mtu mwenye muda na subira, kupita Hifadhi ya Nyerere (zamani sehemu ya Selous) na Udzungwa dirishani ni safari ya kukumbukwa. Kwa kundi lililokwishalipia vyumba kwa tarehe maalumu, ratiba yake haijawa ya kutegemea. Nendeni stesheni yenyewe muulize hali ilivyo kabla ya kuijengea mpango wowote.

Ninachowashauri ni huu: ndege Dar hadi Lusaka, kama saa mbili na nusu angani, kisha basi la kukodi Lusaka hadi Livingstone, mwendo wa saa saba mchana kweupe. Siku saba zinatosha kwa raha, sita kwa kubana. Mashirika ya ndege kwa kawaida huwahesabu watu kumi na zaidi kuwa kundi, na hapo mnaweza kushika nafasi kwa malipo ya awali na kupeleka majina baadaye. Kwa kikundi kama chenu, ambako lazima mmoja atauguliwa na mwingine atapata msiba, hilo la majina ni la thamani kuliko punguzo la nauli. Ndiyo, itapita 850,000, tena kwa mbali. Lakini mnayo miezi hadi Juni. Ongezeni mchango wa kila mwezi, na mhazini awe na daftari la safari peke yake lisilochanganyika na mikopo ya kikundi.

Kuhusu fedha za kijana: hakuna nusu ya fedha kwenda kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Hata angekuwa mtoto wa shangazi yako. Mwombe cheti cha usajili wa biashara cha BRELA na leseni ya TALA ya biashara ya utalii inayotolewa na Wizara ya Maliasili na Utalii, jina la juu ya leseni lifanane na jina la akaunti ya benki, na kila malipo yatolewe risiti ya EFD. Mkataba uwe wa maandishi, usainiwe na nyinyi viongozi watatu, si wewe peke yako. Halafu "kila kitu ndani" akivunje kipande kwa kipande: nauli, hoteli kwa jina na usiku mangapi, watu wangapi chumba kimoja, milo ipi, kiingilio cha Zambia, kiingilio cha Zimbabwe, usafiri wa ndani ya Livingstone, bima ya safari. Mara nyingi neno hilo linabeba kiingilio cha upande mmoja tu, na mkifika daraja linaonekana, Zimbabwe ile pale, kila mmoja anaanza kuchimba pochi. Na liandikwe: safari ikifutwa fedha inarudi kiasi gani, na ndani ya siku ngapi.

Kama bado anang'ang'ania basi lake kutoka Dar, muulize pia bima ya COMESA ya kuvukia mpaka na vibali vya kubeba abiria nje ya nchi. Basi lisilo na karatasi hizo litawaacha Tunduma, mkiwa na mabegi.

Nyaraka zenu. Kwa pasi ya Tanzania huhitaji viza kuingia Zambia wala Zimbabwe. Kama kuna mwanachama mwenye uraia wa nchi nyingine, yake iangaliwe mapema. Kwa mataifa mengi kuna viza ya pamoja iitwayo KAZA inayoruhusu nchi zote mbili, na inamfaa kwa sababu mtavuka na kurudi. Pasi ziwe na uhai wa miezi sita mbele ya tarehe ya safari. Wasio nazo waanze sasa, maana kinachochelewesha si Uhamiaji peke yake. Mara nyingi ni cheti cha kuzaliwa kinachosema Mwanahamisi na kitambulisho cha NIDA kinachosema Mwanaamisi, na kusawazisha herufi moja kunakula wiki. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kila mtu awe nacho, mkaulizwe au msiulizwe. Kinaanza kutumika siku kumi baada ya sindano, na tangu 2016 ni cha maisha, kwa hiyo mwenye cha zamani asilipe tena. Asikubali mtu kuuziwa kadi bila kuchomwa.

Dola mtakazobeba ziwe safi, za matoleo mapya, zenye noti ndogondogo. Iliyochanika pembeni au iliyogongwa muhuri itawasumbua, hasa Zimbabwe ambako dola inatumika dukani kila siku na chenji ni shida. Zambia tumieni kwacha. Wabadilishaji wa vichochoroni pale mpakani waacheni, hata wakiwaita "mama" kwa Kiswahili kizuri. Na saa: Zambia na Zimbabwe ziko nyuma yetu kwa saa moja. Mkiambiwa basi linaondoka saa mbili asubuhi, ulizeni saa mbili ya nani.

Mkifika, laleni Livingstone, siku tatu. Kwa upande wa kuona, mjue kwamba sehemu kubwa ya ukuta, takriban robo tatu, inatazamwa kutoka Zimbabwe, ana kwa ana, kwa njia ndefu inayopita msituni mbele ya maporomoko. Msitu ule unaishi kwa manyunyu. Zambia ina kipande kidogo, lakini ni cha karibu mno. Kuna daraja jembamba la miguu linaloitwa Knife-Edge. Maji yakiwa mengi, mvua ya pale inatoka chini: inapanda kutoka korongoni, inakupiga chini ya kidevu, inaingia kwenye kofia ya koti na kushuka mgongoni. Khanga ya kichwani inalowa kwa dakika moja. Mwenzako aliye hatua chache mbele humwoni, unasikia tu anacheka. Halafu upepo unageuka, pazia linafunguka, na ukuta wote wa mashariki uko mbele yako unamwaga maji, na upinde wa mvua umepita chini ya miguu yako badala ya juu ya kichwa. Ndiyo maana sitaki mchague upande mmoja. Siku ya kwanza Zambia, siku ya pili vukeni Zimbabwe tangu asubuhi.

Kuvuka ni kwa miguu mkitaka. Daraja la reli na barabara lililokamilika 1905 bado linafanya kazi, liko mita 128 juu ya maji, na treni inapita pembeni yenu. Wasiotaka kuingia Zimbabwe wanaweza kuomba karatasi ya ruhusa kwa Uhamiaji wa Zambia, wakafika darajani kupiga picha na kurudi bila kugongewa pasi. Kwenye malango ya hifadhi onyesheni pasi kabla ya kulipa: kuna kiingilio cha watu wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika ambayo Tanzania imo, pungufu kuliko cha wageni wa mbali, na msipojitambulisha mnaweza kutozwa kikubwa.

Nyani. Hawa wa Victoria wamezoea watu. Mfuko wa mkononi wanaujua kuwa ni chakula, na akiushika usivutane naye, mwachie. Ndizi na biskuti zibaki kwenye gari. Simu ziwe kwenye mfuko usiopitisha maji, viatu viwe raba zenye meno, na makoti ya mvua yanakodishwa pale pale, ingawa mwenye lake atajiona mjanja.

Sasa wale ambao, hata kwa miezi yote hiyo, hawatafikisha mchango. Msiwaache hivi hivi. Tanzania nayo ina maporomoko ya mpakani, na ninasikitika kila ninapokutana na mtu aliyefika Victoria bila kuyasikia: Kalambo, mkoani Rukwa, kwenye mto unaotutenganisha na Zambia kabla haujaingia Ziwa Tanganyika. Ni membamba, hayana upana wa Victoria hata chembe, lakini yanaanguka kwa mkupuo mmoja zaidi ya mita 200, mara mbili ya Victoria. Korongo mfukoshingo wanataga kwenye kuta zake. Na juu kidogo ya maporomoko, upande wa Zambia, watafiti walitangaza mwaka 2023 kwamba wamepata magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa na watu wa kale, yenye miaka kama 476,000. Hakuna kazi ya mbao ya kujengea iliyojulikana duniani ya kale kuliko hiyo. Upande wetu hauhitaji pasi wala dola. Mnafika Sumbawanga kwa lami, mkaendelea Matai. Mwendo ni mrefu na ngazi za kushukia ni nyingi, na hata huko msiende Oktoba. Mei ni mwezi mzuri. Kikundi kinaweza kuwa na safari mbili, kila mwanachama akachagua kwa mfuko wake.

La mwisho, mama yako. Aende, na msimwache nyuma kwa ajili ya magoti. Njia ya upande wa Zimbabwe kwa sehemu kubwa ni tambarare na imetengenezwa, ina mahali pa kupumzika, na akichoka anaweza kusubiri na mmoja wenu huku ukuta ukiwa mbele yake. Upande wa Zambia aone kutoka vituo vya mwanzo. Knife-Edge panateleza, asipite, na njia ya kushuka hadi chini korongoni, wanakokuita Boiling Pot, ni ya mawe na ngazi kali, hiyo hata baadhi yenu wa miaka 50 mtaijutia. Awe na fimbo yenye raba chini. Kwenye ndege na kwenye basi la Lusaka mpeni kiti cha pembeni mwa njia ili anyooshe mguu, msimame kila saa mbili atembee kidogo. Wiki mbili kabla apitie kwa daktari wake, na dawa zake zote, za siku kumi hata kama safari ni ya saba, ziwe kwenye mkoba anaouweka mapajani, si kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege.